Uchumi Umekua, Mbona Nyumbani Hali Ngumu?

Maneno yaliyotolewa mbele ya wanachama, wazee na wageni waalikwa katika mkutano wa mwaka wa wana Kichiwa



Kamati iliniomba niseme juu ya uchumi, tena niseme kwa lugha ambayo mzee wetu aliyeshuka basi la Makambako asubuhi hii ataielewa bila kutafsiriwa na mjukuu wake. Nitajitahidi.

Swali lenyewe mnalijua. Tukifungua redio tunasikia kwamba uchumi wa Tanzania ulikua kwa asilimia 5.5 mwaka 2024, na kwamba mfumuko wa bei mwaka huo ulikuwa wastani wa asilimia 3.1. Hizo ni namba nzuri, na ziko nchi nyingi zinazozitamani. Tukizima redio na kupiga simu nyumbani, tunajibiwa: "Tupo, ila hali ni ngumu." Kisha orodha inafuata: mbolea, sare za shule, nauli ya hospitali, bati lililong'oka.

Sisi tulioko mijini tumeanza kugawanyika kwa jambo hili. Wengine wanasema namba za serikali ni za kupikwa. Wengine wanasema watu wa nyumbani wamezoea kulia shida ili watumiwe pesa. Mimi nasema mtakwimu wa Dodoma na mama wa Kichiwa wote wanasema kweli, ila kila mmoja anapima kitu chake. Mtakwimu anapima kilichozalishwa na kuuzwa nchi nzima. Mama anapima kilichobaki mkononi mwake, kwa wakati anaokihitaji. Chama chetu kikishindwa kuiona tofauti hiyo, tutachanga kila mwaka, tutapiga picha, na simu zitaendelea kusema hali ni ngumu.

Namba inapima nini

Pato la taifa ni jumla. Unachukua thamani ya kila kilichozalishwa nchini kwa mwaka mzima: dhahabu ya Geita, faida za mabenki, ujenzi wa reli ya kisasa, vifurushi vya simu, watalii wa Serengeti, na ndani yake yamo pia mahindi na viazi vyetu. Unajumlisha. Jumla ikizidi ya mwaka uliopita, uchumi umekua. Jumla hiyo haina kazi ya kueleza nani alipata na nani alikosa.

Tena watu nao wanaongezeka. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu Watanzania 61,741,120, na ikaonyesha kwamba tangu sensa ya 2012 tulikuwa tukiongezeka kwa asilimia 3.2 kila mwaka. Basi uchumi ukikua kwa asilimia 5.5 na watu wakaongezeka kwa asilimia 3.2, nyongeza ya kila mtu ni kama asilimia 2 na kidogo. Hapo bado hatujauliza hiyo 2 imeangukia wapi. Kilimo ndicho kinachobeba riziki ya Watanzania walio wengi, lakini katika pato la taifa kinatoa takriban robo tu. Madini, ujenzi na mabenki vinaweza kuipandisha namba ya taifa katika mwaka ambao mkulima wa Kichiwa hakupanda hata ngazi moja.

Tarehe 1 Julai 2020 Benki ya Dunia iliiweka Tanzania katika kundi la nchi za kipato cha kati cha chini, kwa kuwa pato la wastani la mtu mmoja kwa mwaka 2019 lilifika dola 1,080. Tulifurahi, na tulikuwa na haki ya kufurahi. Lakini utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa mwaka 2017/18 ulikuwa umeonyesha kwamba Watanzania 26 katika kila 100 walikuwa chini ya mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi, na vijijini walikuwa 31 katika kila 100. Taarifa zote mbili ni za kweli. Wawili wakikaa mezani, mmoja akala sahani mbili za ugali na mwingine akanawa mikono tu, wastani wao ni sahani moja moja.

Mfumuko wa bei nao unatuchanganya. Namba hiyo inapima kasi ya bei kupanda. Ikishuka kutoka 5 hadi 3, bei hazijashuka. Bado zinapanda, ila polepole. Gari likipunguza mwendo halirudi nyuma. Mafuta ya kula yaliyopanda mwaka 2021 na 2022 hayakurejea yalikotoka kwa sababu tu mfumuko umetulia. Mama anayelinganisha bei ya leo na ile aliyoizoea miaka mitano iliyopita hakosei hesabu.

Wala jambo hili si letu peke yetu. Marekani mfumuko wa bei ulifika asilimia 9.1 mwezi Juni 2022. Baadaye ulishuka hadi karibu na 3, ajira zikawa nyingi, wachumi wakapongezana, na wananchi wakabaki na hasira, kwa kuwa bei dukani zilikuwa zimeshakaa juu. Jirani zetu wa Kenya uchumi wao ulikua kwa zaidi ya asilimia 5 mwaka 2023. Juni 2024 vijana wakajaa barabarani kupinga muswada wa fedha, na wengine wakapoteza maisha. Kukua kwa jumla ya taifa hakumzuii mtu kuona kwamba yeye anabanwa.

Bei nafuu, lakini kwa nani?

Sasa turudi nyumbani, maana Njombe ina mkanganyiko wake. Mkoa wetu tangu ulipokatwa kutoka Iringa mwaka 2012 unatajwa kila mahali kuwa mkoa wa neema: mahindi, viazi mviringo, chai, mbao, maharage, na sasa parachichi. Makambako ni njia panda ya barabara kuu na reli ya TAZARA, na malori hayalali. Mtu akisimama pale jioni moja akahesabu magari ya mzigo, atasema watu wa hapa ni matajiri.

Kumbukeni mwaka 2017. Serikali ilizuia mahindi kuuzwa nje ya nchi, ikitaka chakula kitoshe ndani. Msimu ule na uliofuata, bei ya mahindi ikaporomoka Nyanda za Juu Kusini yote. Wengi wenu mlikuwa mnatuma pesa nyumbani wakati maghala ya wazazi wenu yamejaa, na mkawa hamuelewi. Mwaka 2018 mfumuko wa bei wa taifa ulikuwa wastani wa asilimia 3.5, na unafuu wa chakula ulikuwa sababu mojawapo. Kwa mpangaji wa Mbagala hiyo ilikuwa habari njema. Kwa mkulima wa Kichiwa habari hiyohiyo ilikuwa msiba, kwa sababu bei ya chakula ya mwenzake ndiyo mshahara wake. Namba moja, nyumba mbili, na kila nyumba inasema kweli.

Kuna na suala la wakati. Wastani wa mwaka unachanganya Julai na Februari, lakini njaa haina wastani. Nitatoa hesabu ya mfano. Baba ana magunia kumi ya mahindi mwezi wa saba. Mtoto anakwenda sekondari. Ada imefutwa, lakini sare, godoro, daftari na michango havikufutwa. Kuna deni la mbolea, na kuna ule mkopo ambao watu wameupa jina lake halisi, kausha damu. Anauza magunia sita kwa shilingi 50,000 kila moja, anapata 300,000. Februari ghala limekwisha, mvua bado inanyesha, mahindi mapya yako shambani. Anarudi sokoni kununua magunia mawili, sasa kila moja ni 80,000. Katika daftari la taifa kuna mauzo mara mbili, na yote yanahesabiwa kuwa shughuli za uchumi. Katika daftari la nyumba yake, gunia alilolitoa kwa 50,000 amelirudisha kwa 80,000.

Mbolea nayo tuiseme. Mwaka 2022 vita ya Ukraine ilipotibua soko la dunia, mfuko wa DAP ulipita shilingi 130,000. Ruzuku iliyozinduliwa Agosti 2022 ikaushusha hadi 70,000, na kwa hilo serikali inastahili shukrani. Lakini hiyo 70,000 ilitakiwa taslimu mwanzo wa msimu, wakati ambao mkulima hana kitu mfukoni. Bei inaweza kuwa nafuu na bado isifikiwe, kwa sababu imekuja katika mwezi mbaya.

Kisha kuna miti. Shamba la misindano lililopandwa na babu ni akiba ya ukoo. Ugonjwa ukiingia, linauzwa likiwa bado changa, kwa bei ya shida. Mbao zikikatwa, thamani yake inaingia katika pato la taifa. Lakini pato la taifa halina safu ya kuandika kwamba familia hii sasa haina msitu. Hali ni hiyohiyo kwa kipande cha ardhi kilichouzwa kwa mwenye mtaji anayetaka kupanda parachichi. Mwaka ule nyumba ilionekana kuwa na pesa, bati jipya likapigwa, pikipiki ikanunuliwa. Mwaka uliofuata watoto wa nyumba hiyo wakaanza kulima vibarua katika lile lililokuwa shamba lao.

Gunia la lumbesa

Mkitaka kuona kwa macho jinsi uchumi unavyoweza kukua bila mkulima kukua, tazameni gunia la viazi linavyofungwa. Sheria ya vipimo inataka gunia lisizidi kilo 100. Lumbesa ni lile gunia lililojazwa, kisha likashonewa kilemba cha kamba na viazi vingine vikapandishwa juu, na bei ikabaki ya gunia moja. Dalali hanunui kilo, ananunua gunia, na yeye ndiye anayesema gunia ni kitu gani.

Tufanye hesabu. Gunia lina bei ya 70,000. Kama ni kilo 100, mkulima amepata shilingi 700 kwa kilo. Kama ni lumbesa ya kilo 130, amepata 538. Mkulima mwenye magunia ishirini ya lumbesa ametoa kilo 600 bila malipo. Hayo ni magunia sita ya halali, shilingi 420,000. Mkulima huyohuyo akipungukiwa shilingi 50,000 za hospitali, anatupigia simu sisi.

Sasa sikilizeni jambo hili vizuri. Zile kilo 600 hazikupotea katika uchumi wa Tanzania. Zilipanda lori, zikafika Dar es Salaam, zikauzwa kwa kilo au kwa sado, na thamani yake ikahesabiwa. Taifa halikupungukiwa na kitu. Aliyepungukiwa ni mtu mmoja tu, aliyeko mwanzo kabisa wa safari. Ndiyo maana mtakwimu halioni tatizo hili, na ndiyo maana mama analiona kila msimu.

Wakala wa Vipimo wapo, amri za viongozi zimetolewa mara nyingi, na lumbesa bado ipo. Sababu inajulikana. Mkulima mmoja peke yake, viazi vimeshang'olewa vinaota jua, ada inadaiwa, hawezi kulifukuza lori. Akikataa yeye, jirani yake atakubali. Anayeweza kukataa ni kijiji kizima chenye mizani yake na mahali pa kuhifadhia mzigo kwa wiki mbili.

Watoto wetu

Nimefika katika jambo zito kuliko yote, na naomba wazee mnivumilie.

Utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2015/16 ulionyesha kwamba katika mkoa wa Njombe takriban nusu ya watoto wa chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Utafiti wa mwaka 2022 ukaonyesha asilimia 50.4. Katika miaka hiyohiyo wastani wa nchi nzima ulishuka kutoka 34 hadi 30. Nchi ilisonga mbele. Sisi tunaolisha nchi tulibaki palepale. Iringa, kaka yetu, ilikuwa na asilimia 56.9, mbaya kuliko zote. Yaani mikoa ya ghala la chakula ndiyo mikoa ya watoto wafupi kuliko umri wao.

Tusitafute faraja kwa kusema ni ufupi wa ukoo. Udumavu unapimwa kwa watoto wote kwa kipimo kimoja, na watoto wadogo wakilishwa na kutunzwa vizuri hukua kwa kasi inayokaribiana, awe Mbena, Mmasai au Mjerumani. Mtoto aliyedumaa hakukosa urefu peke yake. Ubongo wake nao haukupata kilichohitajika katika siku 1,000 za mwanzo, tangu mimba hadi miaka miwili. Anafika darasa la kwanza akiwa nyuma, kabla hajaandika herufi moja. Madarasa tuliyoyajenga kwa michango yetu anayakuta tayari, na yeye hakuandaliwa kuyatumia.

Inakuwaje katika nchi ya mahindi, viazi, maharage na maziwa? Fuateni siku moja ya mama wa nyumbani katika msimu wa kilimo. Anaamka kabla ya jua, katika baridi yetu mnayoijua. Anateka maji, anakwenda shambani, au anakwenda kibarua kwenye chai au kwenye miti ya mtu. Mtoto wa miezi minane anabaki na dada yake mwenye miaka saba, na uji wa mahindi mtupu ulioachwa tangu asubuhi. Mtoto wa umri ule ana tumbo dogo. Anahitaji kula kidogo kidogo mara nyingi kwa siku, tena mchanganyiko: maharage, mboga, tunda, yai, maziwa. Mayai yapo, lakini yamepelekwa Makambako kuuzwa ili yapatikane mafuta ya taa na sabuni. Maparachichi mazuri yamekwenda kwa mnunuzi. Mama hakukosa mapenzi wala hakukosa akili. Amekosa saa, na amekosa mkono wa pili.

Na mikono yenyewe imepungua. Utafiti wa VVU wa mwaka 2022/23 uliupa mkoa wetu asilimia 12.7 ya watu wazima, wakati taifa ni 4.4. Dawa zipo na watu wanaishi, tumshukuru Mungu. Lakini katika nyumba nyingi bibi ndiye analea, na nguvu ya bibi ni moja.

Nao ujira wa msimu huingia siku moja na kwa mkono mmoja. Mara nyingi ni mkono wa baba, na baba naye ana madeni yake, ana heshima yake mbele ya wenzake, na ulanzi nao unadai haki yake. Mnacheka, lakini mnajua nisemalo. Pesa inayoingia mara moja kwa mwaka hailishi mtoto anayetakiwa kula mara nne kwa siku.

Kwa hiyo mkoa unaweza kuuza zaidi kila mwaka na watoto wake wasirefuke. Pato limepanda kwa kutumia saa za mama, na saa za mama hazimo katika hesabu yoyote.

Si mara ya kwanza

Wazee walioko hapa hawatashangaa. Wilaya ya Njombe iliwahi kuwa msingi wa uchumi mkubwa ambao haukurudi nyumbani. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge waliunda ofisi ya kuandikisha vibarua, SILABU, na Njombe ikawa mojawapo ya sehemu walizozitegemea. Babu zetu wakapanda malori kwenda Tanga na Morogoro wakaitwa manamba. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 vita ya Korea ikapandisha bei ya mkonge duniani, na Tanganyika ikaongoza kwa kuuzalisha. Katika vitabu, miaka ile ni ya neema. Nyumbani ilikuwa miaka ya bibi kulima peke yake, kujenga peke yake na kulea peke yake. Mkonge haukulipa kazi ya bibi, ingawa bila bibi kuilisha familia, babu asingeweza kukubali ule mshahara mdogo.

Nayasema haya ili tusijidanganye kwamba soko likikua tu, mengine yatajipanga yenyewe. Hayakujipanga wakati wa mkonge. Yatajipanga wakati wa parachichi ikiwa tutayapanga sisi.

Wala sitaki mtu atoke hapa akisema nimeupinga uchumi kukua. Umeme umefika mahali ambapo sisi tulisomea koroboi. Simu inamwezesha mkulima kuuliza bei ya Dar es Salaam kabla lori halijafika. Barabara ya lami inamfikisha mama mjamzito Njombe au Makambako akiwa hai. Elimu bila ada ni matunda ya kodi, na kodi ni matunda ya uchumi kukua. Bila jumla kuongezeka hakuna cha kugawana. Ninachosema ni kwamba kukua ni mvua, na mvua peke yake haijazi ndoo ambayo haikukingwa.

Tufanye nini mwaka huu

Ndugu zangu, chama chetu kinapenda kujenga. Tunachangia bati, saruji na madawati, na vinahitajika. Tena vinapigika picha, na kijitabu kama hiki kinahitaji picha. Lakini mwaka huu naomba tuchangie mambo matatu ambayo hayapigiki picha vizuri.

La kwanza ni vituo vya kulelea watoto wadogo wakati wa msimu wa kilimo, kimoja karibu na kila kitongoji. Si shule. Ni chumba safi, jiko, maji yanayotiririka ya kunawia mikono, na mama wawili wanaolipwa posho ya haki ili mtoto ale mara nne kwa siku wakati mama yake yuko shambani. Mahindi yapo kijijini, maharage yapo kijijini, vinyungu vina mboga hata kiangazi. Kinachokosekana ni posho, sufuria, mafuta, mayai na usimamizi. Vituo hivi vishirikiane na wahudumu wa afya ngazi ya jamii, na watoto wapimwe katika siku ya afya na lishe ya kijiji, ambayo tayari ipo katika utaratibu wa serikali. Akina baba nao wahudhurie siku hiyo. Si siku ya akina mama peke yao.

Kwa wanafunzi hesabu ni rahisi zaidi. Siku za masomo kwa mwaka ni 194. Mtoto akipewa uji wa unga gramu 100 kila siku, kwa mwaka ni kilo 19 na nusu hivi. Gunia moja la kilo 100 linanywesha uji watoto watano mwaka mzima. Mzazi akitoa mahindi na sisi tukatoa karanga, soya na sukari, hakuna mtoto wa Kichiwa atakayesikiliza hesabu huku tumbo likinguruma. Lakini tusisahau kwamba uji wa shule unasaidia usikivu. Udumavu unazuiwa mapema zaidi, ndiyo maana nimeanza na wale wadogo.

La pili ni mizani na ghala. Mizani iliyopimwa na kuwekewa muhuri na Wakala wa Vipimo, ikae mahali pa wazi, na serikali ya kijiji iweke utaratibu kwamba viazi vinavyotoka vimepimwa hapo. Ghala lipokee mahindi Julai na kumpa mkulima sehemu ya pesa kupitia chama cha ushirika au SACCOS, ili asilazimike kuuza yote siku ambayo bei iko chini. Mwanasheria aliye kati yetu atusaidie mikataba. Mfanyabiashara aliye kati yetu, najua mpo na wengine mnanunua viazi hukohuko, aanze yeye kununua kwa kilo. Lumbesa nyingine inafungwa na watoto wa Kichiwa wenyewe.

La tatu ni namna ya kutoa hesabu. Mweka Hazina wetu hutusomea kiasi kilichokusanywa, na tunapiga makofi. Naomba kuanzia mwakani asome na mambo mengine manne: watoto wangapi wa chini ya miaka miwili walipimwa na wangapi wamedumaa, kilo ngapi zilipita kwenye mizani, bei ya mahindi Julai na bei yake Februari, na kaya ngapi zililala na deni la kausha damu. Tukikusanya pesa nyingi kuliko mwaka huu na namba hizo nne zisisogee, basi na sisi tutakuwa tumekua kwenye karatasi tu, kama tunavyowasema wengine.

Najua wapo watakaosema chama cha kijiji hakiwezi kubeba mambo ya taifa. Ni kweli, bei ya mafuta hatuipangi sisi, wala thamani ya shilingi, wala vibali vya kuuza mahindi nje. Kwa hayo tuwaambie wabunge na madiwani wetu, tena kwa namba za kijiji chetu mkononi. Lakini nani ashike mtoto saa nne asubuhi, gunia liwe na kilo ngapi, na mahindi yauzwe mwezi gani, hayo yako ndani ya uwezo wa watu waliojaa ukumbi huu.

Fomu za ahadi ziko ukurasa wa mwisho wa kijitabu. Zina mistari mitatu: kituo cha watoto, mizani na ghala, uji shuleni. Jaza mmoja au yote. Anayetoa elfu kumi aandike elfu kumi bila haya. Haba na haba hujaza kibaba. Asiye na pesa aandike ujuzi wake na siku zake za likizo. Na kila mmoja, kabla hajalala leo, apige simu nyumbani. Asiulize hali tu. Aulize mwaka huu viazi viliuzwa kwa gunia la kilo ngapi, na yule mdogo wa nyumba amekula mara ngapi tangu asubuhi.